Pranayama: pumzi hushushwa

Juzi matatu yetu ilikwama kwenye msongamano pale Pangani, na msichana aliyeketi mbele yangu akaanza kutetemeka, jasho linamtoka. Mama wa kando akamshika bega: "Vuta pumzi, mwanangu. Vuta tena. Vuta sana, kama ile ya yoga." Msichana akavuta, akavuta, hadi akasema vidole vyake vimekufa ganzi.

Ile ya yoga huitwa pranayama, yaani kuiongoza pumzi kwa makusudi na kwa kipimo. Maana ni hiyo tu. Kinachonikera ni hilo neno "vuta", ambalo nalisikia kila mahali.

Pranayama ni neno la Kisanskriti, lugha ya kale ya India. Prana ni pumzi, na pia uhai unaokaa ndani yake. Wengi huunganisha hapo yama, kuzuia, wakadhani wanaagizwa kubana pumzi. Lakini katika Kisanskriti ile a ya katikati ni ndefu: prāṇāyāma. Urefu huo unaonyesha kwamba kipande cha pili ni āyāma, na āyāma, ingawa hubeba pia maana ya kuzuia, ni kurefusha, kunyoosha kitu kiende mbali. Pumzi inarefushwa. Haijazwi kama gunia.

Kiswahili nacho kinalijua jambo hili. Mtoto aliyepotea sokoni akipatikana, hatusemi mamake alivuta pumzi. Tunasema alishusha pumzi. Tena pumzi, kupumua na kupumzika ni maneno ya shina moja.

Mwili unakubaliana na lugha. Tukivuta pumzi, moyo huongeza mwendo kidogo, tukiitoa, hupunguza. Anayevuta kwa nguvu mfululizo hupoteza kabonidioksaidi nyingi kuliko inavyofaa, na hapo huja kizunguzungu, ganzi ya vidole na kifua kubana. Mwenye wasiwasi akiona hayo hudhani anakufa, akazidi kuhema.

Halafu kuna kapalabhati, ile ya kusukuma pumzi nje harakaharaka kwa tumbo. Nimesikia watu wakipendekezewa hiyo kwa ajili ya wasiwasi, na inaniumiza. Jina lake ni fuvu linalong'aa, na mafunzo ya kale ya hatha yoga, yaani yoga ya mazoezi ya mwili, huiweka miongoni mwa matendo sita ya kusafisha mwili, kando na pranayama. Huamsha mwili. Mjamzito au mwenye presha haifai kumpa.

Yule mama alikuwa na moyo mwema, na mkono wake begani ulikuwa msaada wa kweli. Ningemwomba abadilishe neno moja tu: "Shusha pumzi, mwanangu. Polepole." Kisha amhesabie kwa sekunde, nne za kuvuta kwa pua bila kujilazimisha, sita za kushusha. Hizo ni pumzi sita kwa dakika. Nne zikimshinda, aanze na tatu, mradi kushusha kuwe ndiko kurefu.