Hilo Joka Limo Hata Kwenye Biblia Yako

Nauza vitabu vya watoto kwenye meza nje ya kanisa. Kauli ninayoisikia kuliko hata "bei gani?" ni hii: "Kina joka, hiki ni cha Shetani." Jumapili iliyopita baba mmoja alimpokonya binti yake kitabu akiwa ukurasa wa tatu. Hakukifungua. Jalada tu lilimtosha.

Haya, tushike Biblia. Ufunuo 12 ina joka kubwa jekundu, vichwa saba, pembe kumi, na kweli mstari wa 9 unasema ndilo Shetani. Endelea kusoma basi, baba! Mikaeli na malaika zake wanapigana nalo, linatupwa chini. Katika hadithi nyingi za aina hii joka limewekwa ili lishindwe. Kama kitabu kinachomtaja Shetani ni mali yake, Injili nazo tuzifungie kabatini. Ayubu 41 ina mnyama anayetoa moto kinywani na moshi puani, na anayemsifia hapo ni Mungu. Wakatoliki wana Danieli 14: nabii analiua joka bila upanga, kwa kulilisha madonge ya lami, mafuta na nywele. Watoto wangu wa shule ya Jumapili huomba niirudie hiyo.

John Bunyan, mhubiri aliyefungwa jela Bedford, alitoa Safari ya Msafiri mwaka 1678. Humo shujaa aitwaye Mkristo anapambana na pepo mwovu Apolioni, mwenye magamba ya samaki na mabawa ya joka. Wachungaji hukinukuu madhabahuni, wala sijaona mtu akikipokonya.

Kisha kuna Eustace wa mwandishi Mkristo C. S. Lewis, katika kitabu chake cha watoto cha 1952, The Voyage of the Dawn Treader. Mvulana mchoyo analala juu ya hazina ya joka, anaamka yeye mwenyewe ni joka. Anajichuna ngozi mara tatu, na kila mara chini yake kuna nyingine. Mwishowe simba anaichana kwa makucha, inauma kwelikweli, kisha anamtupa majini. Nimefundisha kipaimara miaka mingi na sijapata mfano wa toba na ubatizo unaowaingia watoto kama huo.

"Mtoto ataamini majoka yapo." Mtoto huyohuyo amesimuliwa sungura na fisi tangu ana miaka mitatu, na hajawahi kumwamkia sungura.

"Ni mambo ya Wazungu." Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari aliyekuja kuwa askofu Zanzibar, alichapisha hadithi alizosimuliwa Unguja. Mojawapo ni ya nunda mla watu: mwana mdogo wa sultani anamsaka, anaua mnyama mmoja baada ya mwingine, na kila akimleta mama yake anamwambia siye. Joka halimo, ila safari ni ileile.

"Kimeandikwa cha Kikristo, basi kizuri." Hapo ndipo mnaponunua ovyo. Vingine ni mahubiri yaliyobandikwa mabawa, mtoto anasinzia ukurasa wa tano.

Mimi hufanya hivi: naliacha jalada, natafuta sura ambayo shujaa anakosea, naangalia ni nani anamrudisha njiani, na kwa gharama gani. Ukikuta shujaa hakosei hata mara moja, kirudishe mezani, nitakubadilishia.