Kwa nini feni ya laptopu huvuma kwenye mkutano wa video lakini hutulia ukitazama filamu?

Feni ikianza kuvuma katikati ya mkutano wa video, wengi huulaumu mtandao, vumbi au uzee wa mashine. Vumbi huchangia, ni kweli. Lakini laptopu hiyohiyo, kwa mtandao uleule, huonyesha filamu ya saa mbili kimyakimya, tena yenye picha safi kuliko nyuso za mkutanoni. Kupokea picha, basi, si mzigo mkubwa.

Mzigo ni kutuma. Filamu ilishabanwa, yaani kupunguzwa ukubwa wa data yake, zamani kwenye kompyuta nyingine. Laptopu yako huifungua tu, mara nyingi kwa sehemu ya chipu iliyoundwa kwa kazi hiyo. Mkutanoni, picha ya uso wako hubanwa papo hapo. Ni tofauti ya kusoma kitabu kilichokwisha kutafsiriwa na kuwa mkalimani jukwaani: msemaji hakusubiri. Picha ya 720p ina pikseli (nukta za picha) 1280 kwa 720, yaani 921,600. Kwa fremu (picha tuli) 30 kila sekunde, hizo ni zaidi ya pikseli milioni 27, na kila fremu hulinganishwa na zilizotangulia ili yatumwe yaliyobadilika tu. Baadhi ya laptopu zina sehemu maalumu ya kubana pia, ila si kila programu huitumia; ikiachwa, kazi yote humwangukia prosesa, chipu kuu ya kompyuta.

Ukitia ukungu nyuma yako, programu hulazimika kuamua tena na tena nywele zako zinaishia wapi na ukuta unaanzia wapi. Huo ukungu ndio wa kuzima kwanza. Kisha zima HD (picha ya ubora wa juu), na uonyeshe msemaji mmoja badala ya nyuso zote.

Usidharau nafuu ndogo. Kasi ya feni ikiongezeka mara mbili, kelele hupanda kwa takriban desibeli 15, kwa hiyo hata kupunguza kasi kidogo husikika. Kwenye laptopu nyingi za Windows, kushusha kikomo cha prosesa kutoka asilimia 100 hadi 99, katika mipangilio ya umeme, huizuia isipande juu ya kasi yake ya msingi. Joto hushuka waziwazi, ingawa mashine dhaifu inaweza kuanza kukwama.

Kama wenzako bado wanasikia mvumo, tumia kipaza sauti cha waya kilicho karibu na mdomo. Kile cha ndani kimo kwenye mwili uleule unaotetemeshwa na feni, na kichujio cha kelele cha programu nacho humwongezea prosesa kazi.