Mwili usiotulia: kuuelewa na kuishi na ugonjwa wa Huntington

Mtu mzima akianza kuyumba njiani, kuangusha vikombe na kukunjakunja uso bila sababu, majirani wengi husema amelewa au amerogwa. Iwe ni Kasulu, Uvinza au Ujiji, tunaomba swali moja liulizwe kwanza: je, baba yake au mama yake naye alikuwa hivyo? Ugonjwa wa Huntington hurithiwa kutoka kwa mzazi na huharibu seli za ubongo kidogo kidogo. Hauambukizi kwa sahani, jasho wala kulala kitanda kimoja.

Dalili huanza mara nyingi kati ya umri wa miaka 30 na 50. Vidole huchezacheza, nyusi hupanda na kushuka, mguu hujitupa wenyewe. Hata hivyo, pengine tabia hubadilika miaka kadhaa kabla ya mwili: hasira za ghafla, huzuni nzito, kushindwa kupanga kazi aliyoizoea. Wagonjwa wengi hawaoni kwamba miili yao inacheza. Huo si ubishi, ni sehemu ya ugonjwa, kwa hiyo kumkaripia hakusaidii. Kwa kawaida mtu huishi miaka 15 hadi 20 tangu dalili zianze.

Chanzo chake kiligunduliwa mwaka 1993. Katika jeni moja (sehemu ya maelekezo ya urithi ndani ya seli) iliyo kwenye kromosomu ya 4, yaani mojawapo ya nyuzi zinazobeba jeni, herufi CAG za maelekezo hayo hurudiwarudiwa kupita kiasi, na protini inayotokana nayo huwa sumu kwa seli za ubongo. Marudio 26 au pungufu ni ya kawaida. Mwenye 27 hadi 35 haugui, ila idadi inaweza kuongezeka kwa mtoto, hasa ikirithiwa kwa baba. Mwenye 36 hadi 39 huenda akaugua au asiugue; mwenye 40 na kuendelea ataugua akijaliwa umri wa kawaida. Yakizidi 60 hivi, ugonjwa unaweza kuanza utotoni, na mtoto huyo hukakamaa au kupata degedege zaidi ya kuchezacheza.

Kila mtoto wa mgonjwa, wa kiume au wa kike, ana uwezekano wa asilimia 50 wa kuurithi. Hesabu hiyo huanza upya kwa kila mimba: watoto wanne wanaweza kurithi wote, au asirithi hata mmoja. Asiyerithi hana cha kuwapa wanawe. Ukisikia ugonjwa "umeruka" kizazi, chunguza vizuri; huenda mzazi wa katikati alifariki kwa malaria au ajali kabla dalili hazijajitokeza. Ndiyo maana mnapokwenda hospitali mbebe mchoro wa ukoo wa vizazi vitatu: nani aliugua, alianza na umri gani, alifariki kwa nini. Karatasi hiyo humsaidia daktari kuliko maelezo marefu.

Anzeni zahanati au kituo cha afya, kisha mpewe rufaa kwenda Maweni, hospitali ya mkoa wa Kigoma, na kutoka hapo Bugando (Mwanza) au Muhimbili (Dar es Salaam) ikibidi. Si kila mwili unaocheza ni Huntington. Sukari iliyopanda, VVU, kaswende, tezi ya shingo na baadhi ya dawa za kichefuchefu au za akili huleta dalili zinazofanana, na kadhaa kati ya hizo hutibika. Kipimo cha jeni huchukua damu kidogo tu, lakini maabara yenye uwezo huo huenda ikawa mbali. Ulizeni mapema gharama na muda wa majibu. Dawa kama haloperidoli kwa dozi ndogo hupunguza mchezo wa mwili. Ikizidi, humkakamaza mgonjwa na kumfanya ameze kwa shida, kwa hiyo msiongeze wenyewe.

Jambo linalopuuzwa zaidi ni chakula. Mwili usiotulia huchoma nguvu nyingi, na wengine huhitaji kilokalori (kipimo cha nguvu itokayo kwenye chakula) 3,000 hadi 5,000 kwa siku. Mpeni milo midogo mitano au sita. Kijiko kimoja cha chakula cha mawese huongeza kilokalori kama 120 kwenye mboga. Karanga zilizosagwa laini zikorogwe kwenye uji, wala asipewe nzimanzima. Mpimeni uzito kila mwezi: aliyekuwa na kilo 60 akipoteza kilo 3 ndani ya miezi sita, mrudisheni kliniki.

Kumeza ndiko kunakoua, kwa sababu chakula huingia njia ya hewa na kuleta nimonia. Aketi wima, kidevu kikiinama kidogo, redio ikiwa imezimwa na bila mazungumzo. Tumieni kijiko cha chai, na msiongeze tonge kabla la kwanza halijashuka. Ugali wa muhogo hunata kooni, basi ulainisheni kwa mchuzi. Mgebuka utolewe miba yote, dagaa wasagwe. Chai nyepesi hupalia kuliko uji mzito. Baada ya kula, akae wima kwa dakika 30. Akikabwa akashindwa kukohoa wala kusema, mwinamisheni na kumpiga kwa kiganja mara tano katikati ya mabega. Kisipotoka, simameni nyuma yake na kubana tumbo juu ya kitovu kwa kuvuta ndani na juu mara tano, kisha mrudie.

Nyumbani, godoro liwe chini au kitanda kiwe kifupi. Mafiga na koroboi viwe mbali naye. Kukwea michikichi, kuendesha bodaboda na kupanda mtumbwi peke yake viachwe mapema, kabla ya ajali. Barua ya daktari mfukoni humwokoa anapodhaniwa mlevi.

Ratiba isiyobadilika hupunguza hasira. Muulizeni maswali ya ndiyo au hapana, kisha msubiri. Jibu hukawia kufika. Akisema amechoka kuishi, msimwache peke yake, ondoeni kamba na dawa za mashamba, na mpelekeni hospitali siku hiyohiyo. Hatari ya kujiua ni kubwa kwenye ugonjwa huu, na huzuni yake inatibika kwa dawa. Kumfunga kamba, popote pale, humjeruhi na kuzidisha fadhaa.

Vijana wa familia wasilazimishwe kupima, si na mchumba wala mwajiri. Anayetaka apate ushauri kabla ya damu kuchukuliwa, siku ya majibu, na baadaye tena. Majibu ni yake. Mtoto wa chini ya miaka 18 asiye na dalili hapimwi.