Bei ya mwenyeji, bei ya mgeni: kuchagua vyuo vya udaktari wa meno nje ya jimbo lako

Chuo cha umma cha udaktari wa meno nchini Marekani huwa na bei mbili kwa kiti kimoja. Mwanafunzi anayetambuliwa na jimbo kuwa mkazi wake hulipa bei ya mwenyeji. Anayetoka jimbo jingine hulipa bei ya mgeni, na kwa baadhi ya vyuo tofauti hufika dola 30,000 kwa mwaka au zaidi. Vyuo binafsi vingi vina bei moja kwa wote, lakini bei hiyo huwa nzito: kwa vyuo kama New York University (NYU) na University of Southern California (USC), miaka 4 pamoja na kodi ya nyumba na chakula hupita dola 500,000. Digrii ni ileile. Iwe imeandikwa DDS au DMD, majina mawili ya digrii hiyohiyo ya udaktari wa meno, mafunzo ni sawa na leseni ni sawa, na mgonjwa hatakuuliza ulisoma wapi.

Familia nyingi za Waswahili walioko Kentucky, Iowa, Texas, Maine au Idaho huanza kwa kutafuta orodha ya vyuo vya bei nafuu, kisha kijana anaomba vile vya juu kwenye orodha. Hapo ndipo fedha za maombi zinapoanza kupotea, kwa sababu orodha hizo hupanga vyuo kwa ada ya mwaka mmoja. Hazisemi kama chuo kinampokea mgeni, wala kama mgeni atabaki mgeni kwa miaka yote 4.

Kiti kwanza, ada baadaye

Kuna vyuo vya bei nzuri ambavyo mlango wao umefungwa kwa mtu wa nje. Chuo cha meno cha University of Mississippi Medical Center kilichoko Jackson huchukua wakazi wa Mississippi tu. East Carolina University huchukua wakazi wa North Carolina tu. Texas ina vyuo 4 vya umma vya meno, Houston, San Antonio, Dallas na El Paso, na ni miongoni mwa vyuo vya gharama ndogo kabisa nchini, ila sheria ya jimbo inataka wageni wasizidi asilimia 10 ya darasa.

Kwa hiyo, kabla ya kuangalia ada, tafuta namba mbili: wageni wangapi waliomba, na wangapi kati yao walianza masomo. ADEA, chama cha elimu ya udaktari wa meno, huchapisha namba hizo kwa kila chuo, na vyuo vyenyewe huweka wasifu wa darasa jipya kwenye kurasa zao za udahili. Gawanya. Chuo chenye viti 80 kikiwa kimechukua wageni 8 kati ya 700 walioomba, nafasi yako ni kama 1 kwa 90, hata kama alama zako ni nzuri. Chuo cha bei ya juu kidogo kinachojaza sehemu kubwa ya darasa lake kwa wageni, kama kilivyofanya chuo cha Louisville, Kentucky, kwa miaka mingi, kina maana zaidi kwenye orodha ya mtu wa nje. Usisome asilimia ya jumla ya waliokubaliwa, kwani imechanganya wenyeji na wageni, na kwa vyuo vya umma mchanganyiko huo hudanganya sana.

Je, mgeni anaweza kugeuka mwenyeji?

Hili ndilo jambo lenye fedha nyingi kuliko mengine yote, na ndilo linaloulizwa kwa kuchelewa. Katika baadhi ya majimbo, mwanafunzi wa shahada ya juu anaweza kuomba kutambuliwa kuwa mkazi baada ya mwaka 1. California ni mfano unaojulikana: vyuo vyake vya umma vya meno, UCLA ya Los Angeles na UCSF ya San Francisco, hutoza mgeni nyongeza ya dola 12,245 kwa mwaka juu ya ada ya kawaida, na mwanafunzi anayetimiza masharti ya ukazi huondolewa nyongeza hiyo kuanzia mwaka wa pili. Majimbo mengine yana msimamo wa kinyume: ukiingia ukiwa mgeni kwa ajili ya masomo, utamaliza ukiwa mgeni. Kila chuo kina ofisi inayoamua ukazi, mara nyingi chini ya msajili. Ofisi ya udahili inaweza kukupa jibu la matumaini, lakini neno la mwisho ni la ofisi ile. Waandikie barua pepe, uliza wazi kama wanafunzi wa meno huruhusiwa kubadilishwa, na uhifadhi jibu.

Masharti hufanana kwa sura. Unatakiwa kukaa jimboni miezi 12 mfululizo kabla ya muhula unaoomba, kujitegemea kifedha, na kuonyesha kwamba umehamia kweli. Ushahidi ni mkataba wa nyumba, leseni ya udereva ya jimbo hilo, usajili wa gari, marejesho ya kodi ya mapato, akaunti ya benki ya hapo. Yanayowaangusha watu ni madogo. Mzazi aliyeko Iowa anamwandika mtoto kuwa tegemezi kwenye fomu ya kodi, na hapo hoja ya kujitegemea imekufa. Mwanafunzi anarudi nyumbani likizo nzima ya kiangazi, na mfululizo wa siku umekatika. Leseni ya zamani inaachwa mfukoni kwa miezi 7 kwa sababu bado haijaisha muda. Fanya mabadiliko yote wiki za kwanza za kuhamia. Saa huanza kuhesabu kutoka kwenye karatasi ya kwanza, si kutoka siku uliyokata shauri moyoni.

Tahadhari moja kwa wenye green card. Ukienda kuchukua leseni mpya, karani au mashine huuliza kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Asiye raia ajibu hapana, hata kama orodha ya ushahidi wa ukazi inataja kadi ya mpiga kura. Kujiandikisha kimakosa kunaweza kuharibu ombi la uraia, na hakuna punguzo la ada linalolipa hasara hiyo. Mwenye viza ya mwanafunzi ya F-1, kwa kawaida, hawezi kugeuka mkazi kabisa. Apange hesabu yake kwa bei ya mgeni kwa miaka yote.

Texas ina njia ya pembeni. Mgeni akipata ufadhili wa ushindani wa angalau dola 1,000 kutoka chuoni, anaweza kuruhusiwa kulipa ada ya mwenyeji mwaka huo. Ufadhili wa dola 1,000 hauonekani kitu, lakini kwa udaktari wa meno unaweza kuondoa tofauti ya zaidi ya dola 10,000. Idadi ya wanaonufaika ina kikomo, kwa hiyo uliza ni wanafunzi wangapi wa meno waliopewa mwaka uliopita.

Wapo wanaohamia jimbo la vyuo nafuu mwaka mmoja kabla ya kuomba, wakafanya kazi ya usaidizi katika kliniki ya meno huku ukazi ukikomaa. Ni mpango mzuri kwa aliyekuwa atasubiri mwaka huo kwa vyovyote. Kwa aliye tayari kuomba sasa, mwaka 1 wa mshahara wa daktari unaopotea huwa mkubwa kuliko punguzo analolifukuzia.

Kikomo kipya cha mkopo

Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 imebadilisha hesabu. Zamani mkopo wa Grad PLUS, wa serikali kuu kwa wanafunzi wa shahada za juu, uliziba pengo lote hadi gharama kamili ya chuo. Kuanzia 1 Julai 2026 mkopo huo haupo kwa wakopaji wapya. Mwanafunzi wa udaktari wa meno sasa anaweza kukopa kwa serikali kuu hadi dola 50,000 kwa mwaka, jumla isizidi 200,000. Mikopo yote ya maisha, pamoja na ile ya shahada ya kwanza, haipiti 257,500. Aliyekopa kwa ajili ya shahada ya uzamili ya mwaka 1 ili kuinua alama zake ajue kwamba mkopo ule unapunguzwa kutoka kwenye zile 200,000.

Tuweke namba za mfano. Chuo A ni cha umma: mgeni dola 80,000, mwenyeji 45,000, na kinaruhusu kubadilishwa baada ya mwaka 1. Chuo B ni binafsi, 85,000 kila mwaka. Chuo C ni cha umma, mgeni 70,000 na atabaki mgeni. Kuishi ni 25,000 popote. Kwenye orodha ya bei, C ndicho nafuu kwa mgeni. Kwa miaka 4, A kinatoza ada ya 215,000, C 280,000, B 340,000. A kimeshinda kwa mbali.

Sasa ondoa mkopo wa 50,000 kila mwaka. Pengo la C ni 45,000 kwa mwaka, jumla 180,000. La B ni 60,000 kwa mwaka, jumla 240,000. La A ni 55,000 mwaka wa kwanza, kisha 20,000 kwa kila mwaka unaofuata, jumla 115,000. Lakini tazama: mwaka wa kwanza, A kina pengo kubwa kuliko C. Chuo kilicho nafuu zaidi mwishoni kinahitaji fedha nyingi mlangoni kuliko C. Ombi la ukazi likikataliwa, mwanafunzi wa A anabaki na pengo la 55,000 mwaka wa pili pia.

Pengo hilo huzibwa na akiba, ufadhili au mkopo wa benki. Benki itataka mdhamini, raia au mwenye green card, mwenye historia nzuri ya mikopo. Kwa familia iliyofika miaka michache iliyopita na kulipa kila kitu kwa fedha taslimu, historia hiyo haipo, na kuijenga huchukua muda. Kama nyumbani kuna mtu anayeweza kudhamini, akaangalie ripoti yake ya mikopo mwaka mmoja kabla, si wiki ya kulipa ada.

Riba nayo haisubiri. Mkopo wa serikali kuu wa shahada za juu kwa mwaka wa masomo 2025/26 ulikuwa na riba ya asilimia 7.94, na huanza kuhesabiwa siku fedha zinapotoka. Dola 50,000 za mwaka wa kwanza huwa zimezaa kama 15,000 kufikia siku ya mahafali. Ukilipa kwa miaka 10 kwa riba ya asilimia 8, kila dola 100,000 za deni ni takribani dola 1,213 kwa mwezi. Tumia namba hiyo kupima tofauti kati ya vyuo viwili.

Ukurasa wa ada husomwaje

Ada ya masomo si gharama. Kwenye mstari wa ada nyingine ndiko kunakojificha seti ya vifaa, meno ya plastiki ya kufanyia mazoezi, miwani ya kukuza, bima ya afya, na mitihani ya leseni. Seti ya vifaa peke yake huwa maelfu ya dola, na mara nyingi hutozwa miaka 2 ya mwanzo. Angalia pia kama namba ni ya muhula au ya mwaka, na kama muhula wa kiangazi una ada yake. Vyuo vingi vya meno havifungi kiangazi. University of the Pacific ya San Francisco humaliza kwa miaka 3: ada ya mwaka ni kubwa, ila unaokoa mwaka 1 wa kodi ya nyumba. Linganisha jumla hadi kumaliza, na uongeze asilimia 3 hadi 5 kwa kila mwaka kwa sababu ada hupanda.

Jimbo lako linaweza kuwa limeshakununulia kiti

Majimbo yasiyo na chuo cha umma cha meno mara nyingi huwa na mikataba na vyuo vya majimbo mengine. Wakazi wa Kansas wana viti kwa bei ya mwenyeji University of Missouri–Kansas City. Idaho ina mpango wake na chuo cha Creighton cha Nebraska, nayo Arkansas ina wake na chuo cha Tennessee kilichoko Memphis. Majimbo kadhaa ya Magharibi, kama Montana, Arizona na New Mexico, hulipia sehemu ya ada kupitia PSEP, mpango wa WICHE, tume ya ushirikiano wa elimu ya juu ya majimbo ya Magharibi. Ombi la kuthibitishwa hupelekwa ofisi ya jimbo, kwa kawaida kabla ya 15 Oktoba, na ni tofauti kabisa na ombi la chuo. Baadhi hudai urudi kufanya kazi jimboni.

Ufadhili wa jeshi wa HPSP na ule wa National Health Service Corps, mpango wa serikali kuu wa kupeleka wahudumu wa afya kwenye maeneo yenye upungufu, hulipa ada yote popote uendako kwa ahadi ya utumishi, kwa hiyo swali la mwenyeji na mgeni linakufa. Mipango yote miwili ni kwa raia tu.

Aliyekwisha kuwa daktari wa meno kutoka Muhimbili, Nairobi au Makerere asipite njia hii. Yeye huomba programu za madaktari waliosomea nje, kupitia mfumo wa CAAPID.

Fedha za maombi

AADSAS, mfumo wa pamoja wa kuomba vyuo vya meno, hutoza zaidi ya dola 250 kwa chuo cha kwanza na zaidi ya 100 kwa kila kinachofuata. Vyuo 12 hufika kama 1,500 kabla ya ada za ziada za vyuo vyenyewe. Texas ina mfumo wake wa maombi, TMDSAS, wenye ada moja kwa vyuo vyake vyote. Msaada wa ada kwa wenye kipato kidogo huombwa kabla ya kutuma fomu. Tuma Juni, si Septemba, kwani viti vya wageni ni vichache na huanza kujaa mapema. Majibu ya kukubaliwa huanza katikati ya Desemba, pamoja na dai la amana ambayo mara nyingi hairudishwi. Kabla ya kuilipa, iombe ofisi ya fedha ikuandikie gharama kamili ya kila mwaka hadi kumaliza, kwa bei ya mgeni na ya mwenyeji, pamoja na tarehe ya mwisho ya kupeleka ombi la ukazi kwa mwaka wa pili.