Polisi hawatoi kibali cha maandamano, na makosa mengine ya vikundi vya mashinani

“Tulinyimwa kibali, tukaahirisha.” Kikundi baada ya kikundi nchini Kenya hurudi na habari hiyo, na jibu ni lile lile: kibali hicho hakipo. Leseni ya DC (mkuu wa wilaya) iliondolewa mwaka 1997, Sheria ya Utulivu wa Umma (Sura ya 56) iliporekebishwa. Tangu mwaka 2010, Kifungu cha 37 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya kukusanyika, kuandamana na kuwasilisha malalamiko kwa amani, bila silaha. Kinachodaiwa na sehemu ya 5 ya sheria ile ni ilani tu, kwa OCS (mkuu wa kituo cha polisi) wa eneo husika, siku zisizopungua 3 na zisizozidi 14 kabla ya tarehe yenyewe. Ndani yake yawemo jina kamili na makazi ya mwandalizi, tarehe, saa, na uwanja au njia mtakayopita.

OCS anaweza kuwaambia nafasi imeshachukuliwa iwapo mwingine alitangulia kuleta ilani ya mahali hapo, siku hiyo na saa hiyo. Akisema hivyo, ombeni kuona rejista. Sheria inamtaka aiweke, na iko wazi kwa umma saa za kazi. Ajabu ni kwamba karibu hakuna anayeiulizia. Afisa wa cheo cha inspekta kwenda juu anaweza pia kuzuia mkutano ambao haukutolewa ilani, au penye hatari ya wazi na ya karibu ya kuvunjika kwa amani. “Hali ya usalama hairuhusu,” bila maelezo zaidi, haifiki hapo.

Lakini barua nyingi hujiua zenyewe. Ya kwanza huanza na “tunaomba ruhusa”. Ukiomba umempa mtu cha kukunyima, andika “tunakuarifu”. Nyingine hupelekwa Alhamisi kwa ajili ya maandamano ya Jumamosi, au mwezi mzima kabla kwa bidii isiyo na faida. Ipelekeni siku 8 hadi 10 kabla, mbaki na muda wa kubadilisha tarehe au kwenda mahakamani. Saa nayo iwe kati ya kumi na mbili asubuhi na kumi na mbili jioni, na iandikwe kwa namna mbili, “saa 3 asubuhi, yaani 09:00”, maana “saa 3” tupu husomwa alasiri na mtu asiyewatakia mema. Njia pia: “hadi kwa gavana” haitoshi. Tajeni mnapoanzia, barabara moja moja, mnapotua na mnapomalizia. Mkivuka hadi eneo la kituo kingine, nakala iende huko pia.

Nendeni wawili, na nakala mbili. Moja irudi ikiwa na muhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Wakikataa kuigonga muhuri, msibishane kaunta. Andikeni saa, jina na nambari ya afisa, kisha siku hiyo hiyo pelekeni nakala kwa kamanda wa polisi wa kaunti ndogo na nyingine kwa IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi. Ilani isiyo na ushahidi wa kupokelewa ni kama haikuandikwa. Na anayetia sahihi awe mtu atakayekuwepo, kwa kuwa mwandalizi au wakala wake anatakiwa kubaki mwanzo hadi mwisho na kusaidia kudumisha utulivu. Wekeni msimamizi mmoja kwa kila watu 20, mwenye fulana ya rangi inayoonekana mbali.

Hili la “lazima tusajiliwe kwanza” nalo lina watu wake. Mtu mmoja anaweza kutoa ilani, na mtu mmoja anaweza kupeleka malalamiko bungeni chini ya Kifungu cha 119 cha Katiba, bila wakili na bila sahihi 5,000 zinazokusanywa hadi jambo lenyewe linapoa. Aweke nambari ya kitambulisho, sahihi au alama ya kidole, aeleze alikokwisha kupeleka jambo hilo na alijibiwa nini, na kama liko mahakamani. Usajili una faida zake, kwanza kufungua akaunti ya benki.

“Ukikamatwa Ijumaa unalala ndani hadi Jumatatu.” Nusu kweli. Aliyekamatwa hufikishwa mahakamani ndani ya saa 24, lakini zikiisha siku isiyo ya mahakama, mnapelekwa siku ya mahakama inayofuata. Ila polisi wanaweza kuwaachilia kwa bondi kabla ya hapo, na bondi ya polisi haina malipo. Anayedai “kitu kidogo” cha bondi anadai hongo.

La mwisho ni kelele za Juni kuhusu bajeti ya kaunti. Juni mambo yameiva: makadirio yalifika bunge la kaunti kufikia Aprili 30, na viwango vya matumizi viliwekwa katika waraka wa sera ya fedha wa Februari 28. Anayetaka kisima au zahanati aanze na mpango wa maendeleo wa mwaka, ambao huwasilishwa kufikia Septemba 1. Memoranda, yaani maoni yenu kwa maandishi, iwe ukurasa mmoja, itaje wadi, mradi na gharama, ifike Julai.