Je, wajua kwa nini jenereta huguna ukichomeka pasi?

Stima ikipotea Mombasa, haichukui muda jenereta ndogo za petroli huanza kunguruma mbele ya maduka, Mwembe Tayari hadi Kongowea. Sikiliza moja kwa makini. Kinyozi akiwasha mashine yake, injini haishtuki. Jirani akichomeka pasi, sauti inazama, injini inaguna, kisha inajikaza. Ukiuliza sababu, wengi watakwambia hivi: jenereta inageuza petroli kuwa umeme, inaujaza kwenye waya, pasi inaula, basi lazima utengenezwe mwingine. Mwanzo wa maelezo hayo una ukweli. Mambo yanaharibika kwenye kujaza na kula.

Mwanasayansi Michael Faraday alionyesha mwaka 1831, jijini London, kwamba ukiingiza sumaku ndani ya koili (waya uliozungushwa mara nyingi), mshale wa kipimo cha umeme hucheza. Sumaku ikitulia humo ndani, mshale hurudi sifuri, hata sumaku iwe kali vipi. Kinachozaa umeme ni badiliko. Mwaka uliofuata, Hippolyte Pixii wa Ufaransa akaunda mashine ya kuzungushwa kwa mkono. Umeme wake uligeuka huku na huku, na hilo likaonwa kuwa kasoro. Ndipo mwanafizikia Mfaransa Ampère akapendekeza kifaa cha kuunyoosha uende upande mmoja. Kasoro hiyo ndiyo iliyomo leo katika kila soketi ya nyumba.

Chukua jenereta iliyo sahili kabisa: koili moja inazunguka katikati ya ncha mbili za sumaku. Upande mmoja wa koili unapanda ukipita ncha ya kaskazini, na msukumo wa umeme unaelekea huku. Nusu mzunguko baadaye, upande ule ule unashuka ukipita ncha ya kusini, na msukumo unageuka. Pete mbili zinazozunguka na koili, na brashi za kaboni (vipande vinavyozigusa), huutoa nje. Huo ndio mkondo geu. Ajabu ni kwamba msukumo huwa mkubwa kuliko wote pale ambapo hakuna nguvu ya sumaku inayopenya katikati ya koili, kwa kuwa hapo ndipo badiliko lina kasi zaidi. (Katika jenereta nyingi za kweli mambo hupinduliwa: sumaku huzunguka, koili kubwa zikatulia, ili mkondo mzito usilazimike kupita kwenye brashi.)

Sasa, ikiwa mkondo unakwenda na kurudi, pasi inapata nini? Mtazame seremala. Msumeno wake hukata mbele na nyuma, na jioni ubao umepasuka ilhali msumeno haukubaki ndani ya ubao. Meno yaliyoingia ndiyo yaliyotoka. Elektroni za kwenye waya ni kama meno hayo. Pasi ya wati 1,000 kwenye volti 240 huvuta takriban ampea 4. Katika waya wa kawaida wa nyumbani, mkondo huo huzisogeza elektroni, kwa wastani, umbali ulio mdogo mno kuliko unene wa unywele, kisha zinarudi. Hakuna kilicholiwa. Kilichofika kwenye pasi ni kazi.

Msumeno unaeleza na ile sauti. Ukiusukuma hewani, mkono hauhisi kitu. Ukigusa mvule, mkono unazuiwa. Jenereta isiyochomekwa kitu ina volti zake kamili, lakini mkondo hautoki, kwa hiyo injini inapambana na msuguano tu. Chomeka pasi: mkondo unapita kwenye koili, na koili yenye mkondo nayo inakuwa sumaku. Mwanafizikia Heinrich Lenz alieleza mwaka 1834 kwamba sumaku hiyo mpya daima hupinga badiliko lililoizaa, maana yake hapa ni kwamba inavuta mzunguko nyuma. Injini inapungua kasi, gavana (kifaa cha kudhibiti kasi ya injini) inafungua njia ya mafuta zaidi, nawe unasikia mguno.

Msumeno una mipaka yake. Meno ya chuma husukumana moja kwa moja, ilhali nishati ya umeme husafiri kupitia uga wa umeme na sumaku unaozunguka waya, karibu kwa kasi ya mwanga. Ndiyo maana taa haisubiri elektroni zitoke kwenye jenereta.

Kasi ya mzunguko nayo si ya kubahatisha. Kenya hutumia mizunguko 50 ya umeme kwa sekunde, hivyo jenereta ya ncha mbili hulazimika kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, ndiyo sababu moja ya kelele zile za madukani. Injini kubwa ya dizeli haiwezi mbio hizo, basi huongezewa ncha: yenye mizunguko 500 kwa dakika huhitaji ncha 12. Na mguno haukomei kwa jenereta ndogo. Jioni watu wakiwasha taa na feni kwa pamoja Mombasa, mitambo ya kituo cha umeme cha Kipevu hupungua kasi kidogo mno, na ya kituo cha Olkaria, mamia ya kilomita huko bara, hupungua pamoja nayo, kwa kuwa yote imefungamanishwa na gridi moja, yaani mtandao mmoja wa umeme. Msimamizi wa gridi huliona hilo kwenye namba moja: 50 inayoanza kushuka.