Je, wajua kwa nini nzi wa maua wamebadilishiwa ukoo?

Ukiacha sukuma wiki ichanue bustanini, hukawii kumwona mdudu wa mistari myeusi na ya manjano akiwa amesimama hewani mbele ya ua, mabawa yakipiga kwa kasi hata hayaonekani. Wengi humkwepa wakidhani ni nyigu. Hana mwiba kabisa. Nyigu ana mabawa manne, huyu ana mawili tu, kama nzi wote. Ni nzi wa maua, wa familia ya Syrphidae, ambayo spishi zake zinazojulikana zinapita 6,000.

Wataalamu walizoea kuigawa familia hiyo katika nusufamilia tatu: Syrphinae, Eristalinae na Microdontinae. Alama mojawapo waliyoitegemea ni ndogo ajabu. Mweke nzi chini ya hadubini, tazama mabegani, nyuma tu ya kichwa. Mabega ya Syrphinae hayana vinyweleo, ya Eristalinae yanavyo. Kwa kipimo hicho, Pipiza na jamaa zake, nzi wadogo ambao wengi wao ni weusi, wakaingizwa Eristalinae.

Ila watoto wao walikataa. Mabuu wa Eristalinae wengi hukulia kwenye maji machafu, miti inayooza au ndani ya mimea. Wa Syrphinae wengi huwinda vidukari, wadudu wadogo wanaofyonza utomvu wa mimea: buu hana miguu wala macho ya kuonea, hupapasa jani kwa kichwa mpaka amguse kidukari, kisha humwinua na kumfyonza abaki ganda. Buu wa Pipiza naye hula vidukari, hasa wale wanaojifunika nta nyeupe. Mwaka 1999, Graham Rotheray na Francis Gilbert walichunguza maumbile ya mabuu wakaona kwamba Pipiza yuko karibu na Syrphinae. Umbo la mzazi likasema hivi, la mtoto likasema vile.

Shauri hilo liliamuliwa kwa vinasaba. Mara nyingi mguu mmoja wa nzi unatosha. Maabara hutoa DNA, hunakili kipande kinachotakiwa, kisha husoma mfuatano wa herufi zake nne: A, C, G na T. Kipande maarufu ni cha jeni ya COI, chenye herufi 650 hivi. Herufi hubadilika kidogo kidogo vizazi na vizazi, na mabadiliko yanayopatikana kwa wachache pekee huonyesha kwamba wametoka kwa babu mmoja. Vinyweleo vya begani vinaweza kuota au kupotea zaidi ya mara moja katika matawi yasiyohusiana. Si rahisi mamia ya herufi zigeuke kwa namna ile ile kwa bahati.

Hata hivyo COI peke yake haitoshi, maana imo kwenye mitokondria, viungo vidogo vinavyoipa seli nguvu, na mitokondria hurithiwa kwa mama, hivyo husimulia ukoo wa upande mmoja tu. Ndiyo sababu mwaka 2015 Ximo Mengual, Gunilla Ståhls na Santos Rojo walisoma jeni za mitokondria pamoja na za kiini cha seli. Pipiza na jamaa zake wakaangukia ubavuni mwa Syrphinae, wakapewa nusufamilia yao wenyewe, Pipizinae. Kwa hiyo yaelekea tabia ya mabuu kuwinda vidukari ilianza kwa babu wa makundi hayo mawili. Kwangu huo ndio uzuri wa kazi yote: mabuu walikuwa wamesema kweli.

Mwaka uliofuata, Andrew Young na wenzake walisoma mamia ya vipande vya DNA, na Pipizinae wakabaki pale pale. Eristalinae ndiyo iliyopata msukosuko: ilionekana si tawi moja, ni matawi kadhaa yaliyokusanywa chini ya jina moja. Microdontinae walitokea kuwa wa kwanza kujitenga na wengine wote. Mabuu wao huishi kwenye viota vya sisimizi, na umbo lao ni la ajabu kiasi kwamba katika karne ya 19 waliwahi kuelezwa kisayansi kama jamii ya konokono.

Kwa Afrika, kazi kubwa ilitoka mwaka 2015: Kurt Jordaens na wenzake walikusanya mifuatano 513 ya COI kutoka spishi 90 za Ghana, Togo, Benin na Nigeria. Kwa hazina ya namna hiyo, buu aliyeokotwa kwenye jani lenye vidukari anaweza kutambuliwa bila kungoja awe nzi, mradi spishi yake imo. Orodha hiyo inahitaji kuongezewa nzi wa bustani zetu za Afrika Mashariki.